Dohani ya Musyoka

Sikumpenda Musyoka, na sioni haya kusema. Alimwoa mwanangu Kache kanisani, kwa pete na cheti, na mahari akatoa yote bila kuvuta miguu, kwa hiyo hapo sina la kumshitaki. Nilichomchukia ni ujuaji. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto katika gari la moshi, kutoka Changamwe hadi Voi na kurudi, na kwa sababu hiyo aliona kwamba moto wowote ulioko duniani, hata ule wa kuchemshia uji, hauwaki sawasawa mpaka yeye aukague.

Yeye naye hakunipenda. Nililijua hilo ijapokuwa hakuniambia, maana tulikuwa hatusemezani. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mama hakanyagi chumba anacholala mkwe wake wala hakioni kitanda chake. Kwao Ukambani ni vivyo hivyo. Sote wawili tulibatizwa, lakini maji ya ubatizo hayakufika huko. Nikimwona anakuja, mimi najitupia kanga kichwani nageukia ukuta. Naye akiniona huchepuka njia kama aliyeona nyuki. Watu wengine wakichukiana hupata nafasi ya kutukanana, wakamaliza, wakapoa. Sisi nafasi hiyo hatukuwa nayo. Kila neno lilipita kwa Kache. Mwambie mumeo hivi. Mwambie mamako vile. Naye Kache hulichukua, akalipunguza makali njiani, akalifikisha.

Mwaka wa 1947, mwezi wa Juni, Kache alijifungua mtoto wa kiume. Watu wa bara hucheka wakisikia tunaiita ile baridi, lakini acha kusi ivume na mvua iingie siku nne mfululizo, ukuta wa udongo utote mpaka ukiugusa unaacha alama ya kidole, ndipo uniambie kama ni baridi au si baridi. Mzazi kwetu huwekewa moto chumbani siku arubaini, yeye na mwanawe. Mwaka ule moto niliuwasha mimi nje, kwa kuni, na jirani yetu Agneta akawa anauingiza, kwa kuwa mimi sikuweza kuvuka kizingiti. Mtoto akafa siku ya tisa, kwa kifua.

Musyoka akatuma neno kwamba kuni zangu zilikuwa mbichi, na moshi wake ndio uliomuua mwanawe. Nami nikarudisha jibu kwamba mtoto aliuawa na bati. Alikuwa ameng'oa makuti mazuri yasiyo na kasoro, akaezeka mabati ya mapipa yaliyopasuliwa, na kila alfajiri mabati yale yalitoa jasho likadondoka kitandani. Maneno hayo tulimpa Kache ayapeleke na kuyarudisha, mwanamke aliyezika mtoto juzi. Leo nayaona yalivyokuwa mabaya. Siku ile nilichokiona ni kwamba sitakubali kushindwa na mchochea moto.

Mwaka wa pili yake Kache akapata mimba tena, na tukihesabu miezi, ikaangukia Juni ile ile. Hapo kila mmoja wetu akajiapia kivyake kwamba mtoto huyu hatakufa, na kwamba atakayemwokoa ni yeye.

Mimi nilianza mapema. Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijaanza, nilitoka kwangu Bofu, nikavuka kivuko na mizigo miwili ya kuni za mkoko, kavu hasa, zilizokaa juu ya uchaga wangu mwaka mzima zikipigwa na joto la jiko mpaka ukizigonga zinalia. Kuni za namna hiyo hazitoi moshi wa kumsumbua mtu. Nikazipanga kwenye banda la jiko nyuma ya nyumba yao, ambapo ndipo nilipolala kila nilipokwenda Changamwe. Nikarudi Bofu na roho yangu imetulia.

Niliporudi mwezi wa Mei, kuni hazikuwapo. Musyoka alikuwa amezigawa kwa majirani. Kache aliniambia huku akiangalia miguu yake, na akaongeza kwamba mumewe anashukuru sana kwa taabu yangu. Hilo la kushukuru alilitia mwenyewe, nilimjua mwanangu. Nikamwuliza, sasa mzazi ataota nini, jua la Juni? Akanionyesha kwa kidole.

Chumbani, kwenye pembe ya ndani, Musyoka alikuwa amesimamisha pipa dogo la mafuta lililoachwa na jeshi baada ya vita. Mimi sikuingia, nililiona kupitia mlangoni, nimejikinga macho upande wa kitanda kwa kiganja. Chini alilitoboa mlango wa kutilia makaa, na juu yake ametokeza bomba la chuma lililopita ukutani, likatoka nyuma ya nyumba, likapinda na kusimama kuelekea mbinguni. Dohani. Katika Changamwe nzima dohani nilizozijua ni za magari ya moshi na za viwanda. Watu wa mtaani walikuwa wakija kuitazama, na Agneta, ambaye hana dogo kwa mzaha, alikuwa akiwauliza treni hii inaondoka saa ngapi.

Nilicheka, lakini nikiitazama kazi yenyewe, moyoni niliona wivu. Ilikuwa kazi safi. Viungo vya bomba alivikandika kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, usiopasuka. Kila Jumapili baada ya ibada alilifungua bomba, akalisugua masizi kwa kitambaa alichokifunga kwenye fito, akalirudisha, akawasha moto wa kujaribu, akatoka nje kuangalia moshi unavyopanda. Alikuwa akifanya hivyo toka Aprili. Mtu huyu alimtaka mwanawe aishi. Hilo sikuweza kulikanusha, nami nilimchukia zaidi kwa sababu hiyo.

Kisha akaziba nyumba. Kati ya kichwa cha ukuta na paa, nyumba zetu zina nafasi ya kupitisha hewa. Yeye aliijaza yote, kwa udongo na magunia, na dirisha akaligongomelea ubao. Nilimtuma Kache amwambie kwamba nyumba ni kama mtu, lazima ipumue. Jibu likaja kwamba moto wa wazi ndio unaohitaji tundu la kutokea moshi, lakini huu wake una dohani, na joto likiachwa litoke itakuwa ni kupasha moto barabara ya Nairobi. Nikamtuma Kache tena. Alikuwa na tumbo la miezi minane, akaenda, akarudi, akaketi juu ya kinu, akaniomba nisimtume tena siku hiyo.

Alijifungua tarehe kumi na mbili Juni, mtoto wa kike, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kila baada ya saa moja alidai maziwa, na mtaa mzima ulijua. Mimi nilikuwa bandani nikipika uji wa pilipili manga, nikikanda nguo kwa maji ya moto na kumpa Agneta aingize, nikimwogesha mtoto mlangoni kila asubuhi. Na lazima niseme ukweli: pipa lile lilifanya kazi. Chumba kilikuwa na joto kavu, bila moshi hata kidogo. Musyoka alikuwa akiwasha makaa nje kwenye karai mpaka yashike yote na kuwa mekundu, ndipo huyamimina ndani ya pipa. Kitanda cha Kache kilikuwa karibu na mlango, na Musyoka akirudi kutoka kazini alilala kwenye mkeka chini ya pipa, eti analinda moto. Siku mbili zikapita, hata kikohozi hakuna.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu Musyoka alikuwa zamu, na mvua ikashuka ya kusi kwelikweli, ya kulala ubavu. Karibu na alfajiri nikasikia Kache akiniita kupitia ukutani. Maji yalikuwa yakiingia kwa dohani, yanatiririka ndani ya pipa, makaa yamezimika na tope jeusi linatambaa sakafuni kuelekea kitandani. Masika mwaka ule yalikuwa haba, na fundi wetu wa moto alikuwa amekumbuka kila kitu isipokuwa kofia ya kuizuia mvua.

Sitasema uongo, nilifurahi. Nilifurahi pale pale kwenye mvua. Nilimwambia Kache ajifunike vizuri yeye na mtoto, nikachukua kipande cha gunia, nikakikunja mara nne, nikakigeuza kinu nikapanda juu yake, nikalisokomeza gunia kwenye mdomo wa dohani mpaka likakaza. Maji yakakoma. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilikuwa nashuka kwenye kinu wakati Musyoka alipotokea pembeni mwa nyumba, amelowa, na kopo lake la chakula mkononi. Nikajifunika, nikageukia ukuta. Akachepuka.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwa kawaida ningemwita Kache, nikamwambia, mwambie mumeo dohani imezibwa asiwashe moto. Lakini Kache alikuwa hajalala usiku kucha, na nilipotega sikio ukutani sikumsikia. Alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Nikasema nimwache alale kidogo. Agneta alikuwa hajaamka. Nikamsikia Musyoka uani anapuliza makaa kwenye karai, chini ya upenu. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Ningeweza kusema maneno mawili huku nimegeukia ukuta, hata si kwake, kwa ukuta wenyewe, naye angesikia. Mdomo nikaufumba. Nilijiambia kwamba mtu anayejua moto kuliko watu wote ataona mwenyewe. Nilijiambia, moshi ukimrudia usoni ndipo atakapojua ni nani aliyemwokolea nyumba yake na maji. Nilitaka aone, aaibike, kisha atume neno la kunishukuru, na safari hii neno la kweli.

Lakini makaa yaliyoshika hayana moshi. Alifuta tope, akakausha pipa, akamimina makaa mekundu, akafunga mlango. Mimi nikaweka chungu cha uji jikoni, na joto la moto likanipumbaza, nikasinzia.

Nilipozinduka uji ulikuwa umeshika chini. Kengele ya shule ya misheni ilikuwa inalia, maana yake ni saa mbili imeingia. Nikakaa nikisikiliza kitu na sikujua nasikiliza nini. Kisha nikajua. Mtoto hajalia. Toka alfajiri hajalia.

Nikaenda mlangoni nikabisha hodi. Nikaita, "Kache." Mwanangu hata akiwa usingizini huitika abee, ndivyo nilivyomlea. Hakuitika. Nikaita tena kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya mlango, na haukusukuma. Ndani mle mna kitanda cha mkwe wangu, na mkwe wangu mwenyewe amelala. Maisha yangu yote nimefundishwa kwamba huko hakuendeki. Nikakimbia kwa Agneta ili aingie yeye. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ameenda bombani kuchota maji. Nikasimama uani kwake, mvua inanipiga, ninaangalia njia ya bombani kama mjinga, labda kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu. Huo nao ni muda nilioupoteza kwa mguu wangu mwenyewe. Ndipo roho iliponiruka, nikarudi mbio, nikausukuma mlango kwa bega.

Joto lilinipiga usoni, joto zuri kavu, na hewa ya makaa iliyokosa pa kutokea ikanigonga kichwa papo hapo. Mtoto nilimchukua kwanza. Alikuwa amelegea, midomo myekundu kupita kiasi. Nikamlaza chini ya upenu penye upepo, nikamrudia mamake, nikamvuta kwa makwapa yeye na shuka lake, visigino vikiburura kwenye kizingiti. Nikampiga mtoto nyayo. Nikampulizia puani. Nikakinga matone ya mvua kiganjani nikamnyunyizia usoni, mara moja, mara mbili. Akapiga chafya. Kisha akalia, kilio kidogo cha kukwaruza, na sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile, wala sitasikia. Kache naye akageuka ubavu akaanza kutapika.

Musyoka alikuwa bado ndani, mkekani, chini ya pipa.

Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Kikoi kilikuwa kimemtoka, yuko uchi. Nikafikiri, na nilifikiri polepole, kwamba nikimwacha hakuna atakayenilaumu. Wazee wa kwetu hawatauliza na wazee wa kwao hawatauliza. Watasema, alikuwa mkwe wake, angemgusaje? Nilikuwa na ruhusa ya watu wote. Nilikumbuka kuni zangu zilizogawiwa majirani. Nilikumbuka neno lake kuhusu moshi wangu na mjukuu wangu. Nasema haya kwa sababu yalipita, na yalikaa kitambo kabla hayajapita.

Kilichonitoa pale si wema. Ni kwamba gunia lililokuwa juu ya dohani lilikuwa gunia langu.

Nikaingia, nikamshika miguu, nikamvuta. Alikuwa mzito kupita Kache mara mbili. Nilimfikisha uani kwenye tope, nikavua kanga ya kichwani nikamfunika nayo, nikabaki kichwa wazi mbele ya mkwe wangu. Nikampiga makofi. Sikuyapunguza nguvu. La nne au la tano alivuta pumzi ya kukoroma, akafumbua macho, na macho yake yakakutana na yangu. Miaka mitatu ya ukwe, sikuwa nikijua kwamba ana jicho moja lenye kovu.

Agneta akarudi na debe lake kichwani, akalitua bila kuuliza neno. Akaenda kufungua kila kilichofungwa, dirisha akaling'oa ubao kwa shoka. Kache alikuwa ameketi akiegemea ukuta, mtoto kifuani ananyonya, uso wake umekuwa rangi ya majivu. Musyoka akajikokota akakaa kwenye kinu, amejishikilia ile kanga kiunoni. Alikuwa anatazama mdomo wa dohani. Akamgeukia Kache, kama kawaida yetu, akaanza, "Mwulize mamako..."

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyeziba. Mvua ilikuwa inaingia."

Nilimwambia yeye, si Kache. Akahema. Kisha akajibu, naye akinitazama mimi.

"Nilikuona. Nilikuona ukishuka kwenye kinu. Nilidhani umepanda kunitafutia kosa."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningekuulizaje?"

Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kusema na sikusema, lakini naona alijua, kama mimi nilivyojua kwamba angeweza kuinua macho akalitazama bomba lake na hakuinua, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama chini yake.

Kache alikuwa akisikiliza. Alimtoa mtoto kwenye ziwa, akamfunga vizuri, akasimama kwa kushikilia ukuta. Nikaenda kumsaidia, akaniondoa mkono. Musyoka akainuka, naye akaondolewa.

"Yule wa kwanza," Kache akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, ilibidi tunyamaze tuisikie, "siku ya saba aliacha kunyonya. Nilikuwa na homa, siwezi kuamka. Nilikwambia wewe, mama, umwambie baba yake amwite daktari wa reli. Ukasema nimwambie mwenyewe akirudi, wewe huwezi kusema naye. Alipoingia nikamwambia aje akuulize wewe hali ya mtoto, maana mimi nilikuwa naweweseka. Akasema haulizi. Siku mbili. Hakufa kwa moshi wala kwa bati."

Nilijua anasema kweli hata kabla hajamaliza. Nilikuwa nimelisahau neno lile. Lilikuwa neno dogo sana siku ile, mwambie mwenyewe akirudi, maneno matatu niliyoyasema nikipeta mchele. Sasa lilinirudia lote. Nilimtazama Musyoka nikaona na yeye la kwake limemrudia.

"Mimi sibebi tena," Kache akasema. "Sitampelekea mtu neno la mtu."

Agneta alimshika kiuno, wakavuka uani wao wawili na mtoto, kwenye mvua ile ile. Nilitaka kuwafuata. Agneta alinigeukia mlangoni kwake, akanitikisia kichwa. Mlango ukafungwa. Nilisikia komeo.

Ndani ya nyumba ile mlikuwa na mtoto wa siku tatu, na arubaini haijafika, na baridi ilikuwa baridi. Moto ulihitajika kabla ya jioni. Pipa lilikuwa huku, kuni zangu ziligawiwa, makaa yamelowa nusu. Mtu ilibidi afungue bomba, mtu ilibidi akatafute kuni kavu kwa wale majirani, mtu ilibidi aseme ni nani afanye lipi. Musyoka alikuwa amesimama kwenye tope amefungwa kanga yangu, na mimi kichwa wazi, hatua sita kati yetu. Tukabaki mimi na yeye, na hapakuwa na mtu wa kumtuma.